Tuweke malengo ya hewa safi: somo kwa kooperative za Nizi



Katika masomo yaliyopita tulizungumza juu ya mbegu, udongo na soko. Mara hii tunazungumza juu ya hewa. Labda mtu atauliza: gazeti la walimaji linatafuta nini katika mambo ya hewa? Hewa haiuzwi sokoni, wala haipimwi kwa kilo. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya moshi tunaoupumua hapa Nizi na kando kando yake unatoka katika kazi zetu sisi wenyewe: kupika, kusafisha shamba, kuchoma matofali, kuchoma makala. Kwa hiyo dawa yake pia, sehemu kubwa, iko mikononi mwetu. Haiombi tungojee Kinshasa.

Kisha somo hili, kikundi chenu kiweze kufanya mambo matatu: kutaja moshi wa kijiji chenu unatoka wapi, kuchagua malengo machache yanayowezekana, na kuyapima bila mashini ya bei kali.

1. Moshi na vumbi yetu vinatoka wapi?

Tuanze na nyumba. Jamaa karibu zote zinapika kwa kuni juu ya mafiga matatu ao kwa makala juu ya mbabula. Jikoni mara mingi ni kanyumba kadogo kenye mlango mmoja, bila dirisha. Mama anakaa mule saa nyingi kila siku, na mtoto mdogo yuko mgongoni ao kando ya moto. Wakati wa mvua, kuni zikiwa mbichi, moshi unakuwa mara mbili. Tena kuna wengine wanaowasha makala kwa kipande cha sashe, cha bido ao cha kandambili ya zamani. Moshi wa plastiki ni mbaya kupita ule wa kuni, juu unabeba sumu zinazoshika mapafu.

Ya pili ni shamba. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili mpaka mwezi wa pili, manyasi yakikauka, mioto inaonekana kila upande juu ya vilima vya Djugu. Wengine wanachoma ili kusafisha shamba, wengine ili ng'ombe wapate majani mapya, wengine ili kuwinda panya. Hata maganda ya maharage na mabua ya mahindi tunayakusanya na kuyatia moto, na kumbe ni chakula cha udongo.

Ya tatu ni matofali. Tanuru moja inakula miti mingi na inatoa moshi siku na usiku, mara nyingine katikati ya nyumba za watu.

Ya ine ni zahabu. Eneo letu linachimba zahabu tangu mwanzo wa karne ya 20, wakati wa mashimo ya Kilo-Moto. Pahali ambapo watu wanakamata zahabu kwa merkire na kisha kuichoma ili zahabu ibakie, mvuke wake hauonekani na haunuki, lakini ni sumu. Ukichomwa nyumbani, unaingia katika kuta, katika nguo na katika chakula.

Ya tano ni barabara na mashini. Wakati wa kiangazi, lori na pikipiki vinainua vumbi yenye kufunika muhogo tunaoanika kando ya njia. Mnunuzi anaona rangi, anashusha bei. Mashini ya kusaga unga nayo, kama bomba yake inatoa moshi chini, wamama wanaongojea mulolongo wanaupumua.

Kila kijiji kina sura yake. Mahali moja tatizo kubwa ni jikoni, mahali pengine ni tanuru. Kwa hiyo msichukue orodha yetu kama ilivyo. Andikeni ya kwenu.

2. Moshi unakula nini?

Unakula afya kwanza. Moshi wa kuni una chembe ndogo sana, ndogo kupita unene wa unywele kama mara 30. Pua haiwezi kuzisimamisha. Zinashuka mpaka ndani ya mapafu, na zingine zinaingia katika damu. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linahesabu kwamba katika mwaka 2020 moshi wa nyumbani uliua watu kama milioni 3.2 duniani, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wenye hawajafikisha miaka mitano. Magonjwa yake tunayajua: umonia kwa watoto, kikohozi cha siku nyingi na kukosa pumzi kwa watu wazima, ugonjwa wa moyo, macho kuingia ukungu. Mama mwenye mimba akipumua moshi mwingi, mtoto anaweza kuzaliwa na kilo kidogo.

Tuongeze neno moja juu ya makala. Makala iliyoshika vizuri haitoi moshi mwingi, na watu wanafikiri ni salama. Lakini inatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Wakati wa baridi, jamaa ikiingiza mbabula katika chumba cha kulala na kufunga mlango, inaweza kukosa kuamka. Hilo tulifundishe kila mtu, bila kungoja lengo lolote.

Kisha afya, moshi unakula mfuko. Kuni nyingi zinazotoa moshi ni kuni ambazo hazikuungua vizuri. Joto lake limepotea. Kila kikohozi cha mtoto ni siku ambayo mama hakwenda shamba, na feza ya kituo cha afya. Na manyasi yaliyochomwa ni mbolea iliyopanda juu.

Tena kuna usalama. Tangu vita ilipoanza tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, watu wengi wamekimbia na kukusanyika pahali padogo, na miti ya karibu imekwisha haraka. Mama anayetafuta kuni leo anakwenda mbali kupita zamani, kwenye mabonde ambako hajui atakutana na nani. Kila fungu la kuni ambalo jiko linapunguza ni safari moja ambayo mama ao binti hafanyi. Kwa jamaa nyingi za hapa, hii ndiyo sababu ya kwanza, hata mbele ya kikohozi. Mkizungumza katika mkutano, anzeni hapo.

3. Kwa nini lengo liwe la kijiji, na si la nyumba moja?

Kuna funzo kubwa lililotoka Malawi. Wanganga walifanya utafiti katika vijiji 150, na watoto zaidi ya 10,000 wenye hawajafikisha miaka mitano. Nusu ya vijiji vilipewa majiko mazuri yenye kipepeo cha kupuliza moto, nusu zingine zikaendelea na moto wa kawaida. Kisha miaka miwili wakahesabu watoto walioshikwa na umonia. Matokeo, yaliyotoka katika gazeti la wanganga The Lancet mwaka 2017, yaliwashangaza wengi: umonia haukupungua. Watoto walioungua na moto walipungua, na hilo ni faida. Lakini umonia ulibaki ulevile.

Je, maana yake majiko hayana kazi? Hapana. Walioongoza utafiti walieleza kwamba watoto wale waliendelea kupumua moshi wa upande mwingine: wa takataka, wa tumbako, wa mioto mingine ya kazi. Jiko likabadilishwa, hewa ikabaki ile ile.

Hewa haina mupaka. Nyumba yako ikiwa na jiko zuri, na jirani anachoma plastiki, na tanuru iko upande upepo unakotoka, mtoto wako anakohoa tu. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ndiyo sababu kooperative iko pahali pazuri pa kuanzisha kazi hii: ina memba katika nyumba nyingi, ina mkutano, ina kitabu cha kuandika, na watu wake wamezoea kuhesabu pamoja.

4. Lengo ni nini, na nia njema ni nini?

Tusikie sentensi mbili.

Ya kwanza: «Tutapiganisha uchafuzi wa hewa na kulinda mazingira.»

Ya pili: «Kufika tarehe 30 mwezi wa sita, nyumba 40 kati ya nyumba 60 za memba ziwe na banda la kukausha kuni, na zisitumie tena plastiki kuwasha moto.»

Ya kwanza ni nia njema. Mtu wote anaipigia makofi, na kisha mwaka moja hakuna anayeweza kusema kama ilifanyika. Ya pili ni lengo. Ina hesabu, ina tarehe, na inagusa kitu ambacho memba mwenyewe anaweza kufanya. Ukifika nyumbani kwake, unaona kama kuko banda ao haiko.

Kabla ya kukubali lengo lolote, komite ijiulize maswali mane:

— Tunaweza kulihesabu kwa macho yetu?
— Lina tarehe ya mwisho?
— Linaweza kutimizwa na vitu vyenye viko hapa, hata kama msaada haufiki?
— Nani atapoteza kitu kama tunalifuata, naye tumemsikia?

Swali la ine ndilo linasahauliwa zaidi, na ndilo linaloua malengo mengi. Tutalirudilia chini.

5. Hatua sita za kuweka malengo

*Hatua ya kwanza: chora karte ya moshi.* Kusanyeni watu kama kumi: wamama wanaopika, kijana wa tanuru, mchungaji wa ng'ombe, mwenye mashini, muganga wa kituo cha afya kama anapatikana. Chini, kwenye udongo, choreni barabara, mto, nyumba, shule, soko. Wekeni jiwe pahali kila moshi unapotoka. Onyesheni pia upande upepo unakotoka wakati wa kiangazi. Kwa saa moja mtaona mambo ambayo mtu moja peke yake hayaoni, kama vile tanuru yenye moshi wake unaingia shule.

*Hatua ya pili: pata hesabu ya kuanzia.* Usipojua ulianzia wapi, hutajua umefika wapi. Wachagueni watu wawili wawili, na katika kila kundi mama mmoja awemo, watembelee nyumba za memba. Wahesabu: mafungu ya kuni kwa juma, kuni kavu ao mbichi, jikoni kuna dirisha ao hakuna, plastiki inatumiwa ao hapana. Waeleze mbele kwamba hawakuja kuhukumu mtu. Wasiandike majina ya wagonjwa wala kuuliza siri za nyumba. Hesabu inatosha.

*Hatua ya tatu: chagua malengo matatu, si kumi.* Tunapendelea lengo moja la nyumba, moja la shamba na moja la kijiji. Malengo kumi yanafurahisha siku ya kuyaandika tu.

*Hatua ya ine: gawa kazi.* Kila lengo liwe na mtu wake na naibu wake. Aandikwe kwa jina katika kitabu cha mkutano. Mukutano mkuu wa memba ndio ukubali, si komite peke yake, kwani nguvu ya kooperative iko kwa memba. Kisha peleka nakala kwa shefu wa lokalite. Sheria ya mwaka 2008 inaipa sheferi kazi ya kupanga maendeleo ya eneo lake. Kama malengo yenu yamekwisha kuandikwa vizuri, itakuwa rahisi yaingie katika plani yao.

*Hatua ya tano: pima kila miezi mitatu.* Hesabu nyumba zilizobadilika, hesabu mafungu ya kuni. Asubuhi ya saa kumi na mbili, mtu mmoja apande kilima kile kile, siku ile ile ya juma, ahesabu mioto ya manyasi inayoonekana, aandike. Kwa jikoni, funga kipande cha kitambaa cheupe juu ya moto kwa siku saba, kisha uweke kingine kisha kujenga jiko jipya. Kitambaa si mashini, lakini kila mtu anaelewa kile anachoona.

Hapa tujiangalie. Moshi wa kiangazi na moshi wa mvua si sawa. Mkihesabu mioto katika mwezi wa kwanza na kurudilia katika mwezi wa ine, mtaona imepungua sana, na mtafurahi bure. Mvua ndiyo imeizima, si ninyi. Linganisheni mwezi wa kwanza na mwezi wa kwanza wa mwaka unaofuata. Vilevile kwa kikohozi kwenye kituo cha afya: kinapanda na kushuka kwa sababu nyingi. Msikitumie kama kipimo cha pekee.

*Hatua ya sita: rudisha habari.* Bandikeni matokeo kwenye ukuta wa depo, hata kama ni mabaya. Lengo lisilofikiwa tusilifute. Tuulize: watu walikimbia? Udongo wa jiko ulipasuka? Tarehe ilikuwa karibu sana? Kisha tuandike tarehe mpya.

6. Mfano wa kooperative moja

Tuchukue kooperative ya mfano yenye jamaa 60. Kisha kutembea nyumba zote wanapata kwamba kila jamaa inatumia mafungu 4 ya kuni kwa juma. Hiyo ni mafungu 240. Tuseme fungu moja sokoni ni franka 2,000. (Hii ni bei ya mfano tu; wekeni bei ya soko lenu.)

Wanachagua hivi:

Lengo la nyumba. Kufika mwisho wa mwezi wa sita, jamaa 40 zijenge jiko la udongo lenye bomba ya moshi, zipasue kuni nyembamba na kuzikausha chini ya banda mbele ya kuzitumia.

Vyombo viko hapa hapa: udongo wa kichuguu, mchanga, manyasi makavu yaliyokatwa vipande. Jiko likae siku nyingi likauke kabla ya kupata moto mkali, ama litapasuka. Kuni zikae miezi mitatu ao zaidi. Na kuna mambo yasiyoomba hata franka moja: kulowesha maharage usiku ili yaive haraka, kufunika sufuria, kuzima moto chakula kikiiva, kutoboa dirisha upande wa juu wa ukuta ili moshi utoke, kumweka mtoto mbali na moto.

Ikiwa jamaa zile 40 zinapunguza fungu 1 kwa juma kila moja, ni mafungu 40, yaani franka 80,000 kwa juma kwa kooperative nzima. Kwa majuma 52 ni franka 4,160,000. Ukionyesha hesabu hii ubaoni, wababa ambao walisema jikoni ni mambo ya wamama watanyamaza kidogo na kuanza kuchota udongo.

Lengo la shamba. Katika kiangazi kinachokuja, memba 45 kati ya 60 wasichome mabaki ya maharage na mahindi. Wayatandaze kati ya mistari ao wayaweke katika shimo la mboleo.

Hapa agronome wa kooperative atafute kila mtu aone shamba moja la kulinganisha: nusu lililochomwa na nusu lililofunikwa, mbegu ile ile, siku ile ile. Ile iliyofunikwa inashika maji siku nyingi kisha mvua. Ndiyo kipimo mlimaji anachoamini.

Lengo la kijiji. Kufika mwisho wa mwaka, hakuna tena kuchoma plastiki kwenye soko na kwenye shule, na kuwe shimo moja la takataka lenye kuchimbwa siku ya salongo.

Serikali yetu ilikataza kutengeneza, kuingiza na kuuza mifuko ya plastiki kwa dekre ya tarehe 30 mwezi wa 12 mwaka 2017. Lakini sashe zingali mingi, tunazijua wote. Kijiji kisingoje polisi. Kooperative inaweza kuanza na magunia na vikapu vyake yenyewe.

Mtaona kwamba kati ya malengo haya matatu, hakuna hata moja linaloomba mashini ya kupima hewa. OMS inashauri kwamba chembe ndogo zisipite mikrogramu 15 katika kila mita kiube ya hewa kwa siku, na jikoni penye mafiga matatu zinaweza kupita mara nyingi sana. Siku moja labda mtapata kifaa cha kuonyesha hesabu hiyo. Hata bila kifaa, kuni kavu zinatoa moshi kidogo kuliko mbichi, na plastiki ambayo haikuchomwa haitoi sumu.

7. Mambo magumu: nani anapoteza?

Turudilie swali la ine. Hewa safi ya mtu mmoja inaweza kuwa njaa ya mtu mwingine, kama hatuangalii.

Watu wa matofali. Vijana wengi wanakula kwa tanuru. Ukiandika «tunakataza tanuru», umeandika lengo ambalo litavunjwa kesho, na umezaa ugomvi. Keti nao. Muulizane: tanuru ihamie upande upepo unapokwenda, mbali na nyumba na shule? Matofali yakaushwe vizuri kabisa kwenye jua kabla ya moto, kuta za tanuru zipakwe udongo ili joto lisitoroke, kuni ziwe kavu? Mambo haya yanapunguza moshi na pia gharama ya kuni za kijana mwenyewe. Hapo naye anashinda.

Watu wa zahabu. Wengine ni memba wetu, ao wana wa memba. Mapatano ya Minamata juu ya merkire, yaliyoanza kufanya kazi mwaka 2017, yanataja kati ya matendo mabaya zaidi kuchoma merkire pahali wazi na kuichoma pahali watu wanapokaa. Lengo la kwanza linaweza kuwa fupi: hakuna kuchoma ndani ya nyumba, wala jikoni, wala kwa sufuria ya chakula, na watoto na wamama wenye mimba wasikaribie. Kuna pia chombo cha kufungwa chenye bomba, kinachorudisha mvuke kuwa merkire tena ili itumiwe mara ingine. Mchimbaji anapunguza hasara, jirani anapunguza sumu. Zaidi ya hayo, kuna njia za kukamata zahabu bila merkire kabisa, nazo ndizo mwisho wa safari.

Wachungaji. Kuchoma manyasi kwao ni kazi ya zamani, tena moto wa mapema unaoangaliwa si sawa na moto unaotoroka katikati ya kiangazi. Badala ya kukataza tu, wakubaliane na walimaji: siku gani, upande gani, njia ya kuzuia moto iwe na upana gani, na nani atangazwe mbele. Makubaliano hayo yanalinda hewa na pia yanapunguza ugomvi wa mashamba yaliyoungua.

Wakimbizi wa ndani. Jamaa ambayo haijui kama italala hapa mwezi ujao haitajenga jiko la udongo la kudumu, na ina haki. Kwao tafuteni mbabula ndogo ya kubeba, yenye udongo ndani, ile inayoshika joto. Mbabula za aina hiyo zilianza kutengenezwa Kenya katika miaka ya 1980, na fundi wa hapa anaweza kuziiga kwa bati na udongo. Msiwaache nje ya malengo. Moshi wao na wetu ni mmoja.

Kupanda miti. Wengi watasema: tupande eukaliptus, kuni zitapatikana. Ni vizuri, lakini hapa Ituri tunajua kwamba mti si mti tu. Anayepanda mti anaonekana kama anasema: udongo huu ni wangu. Katika eneo ambalo ugomvi wa udongo umemwaga damu, jambo hili si dogo. Basi, mbele ya kuchimba shimo la kwanza, mwenye udongo akubali, majirani wa mupaka wawepo, shefu awepo, na maandishi yafanywe. Tena eukaliptus isipandwe karibu na chemchem, juu inakunywa maji mengi. Kwa mupaka wa shamba, grevilea na kaliandra zinasaidia zaidi: kuni, majani ya mifugo, na udongo haukasiriki. Safu ya miti hiyo kando ya barabara inasimamisha pia vumbi kidogo mbele ya muhogo wetu.

8. Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu, ni moshi gani unaosumbua watu wengi zaidi? Nani anaupumua saa nyingi kwa siku?
2. Mama anatembea saa ngapi kutafuta kuni leo? Miaka kumi iliyopita alitembea saa ngapi?
3. Ni jambo gani moja tunaweza kuacha ao kuanza juma hili, bila franka yoyote?
4. Katika malengo tunayofikiria, nani anaweza kupoteza kazi ao chakula? Tutamkalisha lini tuzungumze naye?
5. Nani atapanda kilima kuhesabu mioto, na siku gani?

Kazi ya mkutano unaokuja

Kila kikundi kilete karatasi moja yenye mistari mitano tu: lengo letu, hesabu ya kuanzia, hesabu tunayotaka kufikia, tarehe, jina la mwenye kuliangalia. Kama karatasi yenu ina mistari ishirini, rudini mukate. Kama haina hesabu hata moja, rudini muhesabu.

Tutapitia karatasi hizo pamoja na kusaidiana kurekebisha. Na mbele ya siku ile, tuombe kila memba afanye kitu kimoja leo jioni: aingie jikoni wakati chakula kinapikwa, akae mule mpaka kiive, kwa urefu ule ule mama na mtoto wanaokaa. Kisha aje mkutanoni, atuambie lengo la kwanza liwe gani.